Bafu la Mkwe Wangu Hezron

Siku niliyoanza kusomea mabomba tulikuwa hivi. Mbele alisimama Instrakta Koros. Benchi la kwanza alikaa Purity Chepkoech, mtoto wa dada yake Instrakta. Kila mtu alijua ni mjomba wake, lakini wao wawili walijifanya hawajuani. Nyuma yake walikuwa Brayo na Kevo kutoka Bahati, mama zao ni dada, na huyo mama yake Kevo ndiye aliyetuuzia chapati getini. Getini penyewe alikuwa Mzee Ewoi, bawabu, ambaye zamani alikata mkonge Mogotio pamoja na marehemu mume wangu Yohana. Wa mwisho ni mimi, Respa Kageha, Mama Ezra, nyanya wa watoto ambao wengine walikuwa wakubwa kuliko hao wanafunzi.

Ilikuwa politekniki ndogo ya upande wa Rongai. Paa la mabati, meza za mbao, na vumbi la mahindi likiingia dirishani kutoka kinu cha jirani.

Brayo aliponiona alisimama akanipa nafasi yake. "Shosh, kaa hapa, ofisi ya kulipia karo haijafunguliwa. Umeleta mjukuu?"

Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Akamwangalia Kevo. Kevo akasema, "Basi leo darasa limepata mwenyekiti."

Instrakta Koros aliingia akanikuta nimeketi. Alikuwa mtu mpole, suti ya kijivu, kalamu ya seremala nyuma ya sikio. Akainama kidogo kama mtu anayeongea kanisani. "Mama, hii ni kozi ya mabomba. Ushonaji ni mlango wa pili."

"Najua, mwalimu. Nimechungulia kule. Wote wameketi."

Hakunielewa, lakini aliandika jina langu.

Nyinyi mnaosoma haya mko wadogo, kwa hivyo acha niwaeleze. Mimi nilifika darasa la nne tu. Maisha yangu mengi niliyapitisha kwenye shamba la maua, nikipiga gredi, yaani kupanga waridi kwa urefu wa shina na ukubwa wa kichwa. Kazi hiyo hufanywa ukiwa umesimama. Nilipofika umri wa kuambiwa asante, nenda nyumbani, kifungua mimba wangu Ezra alikuja kutoka Eldoret akiwa na furaha sana. Alikuwa amejenga chumba nyumbani kwetu Vihiga, kina sofa na televisheni. "Mama, umechoka," akasema. "Sasa ni wakati wa kukaa."

Nilienda kukiona hicho chumba. Nikaketi kwenye sofa, nikainuka, nikafagia, nikaketi, nikainuka, nikaenda kuangalia kama kuku wamefungiwa. Mke wa Ezra akaniuliza nimepoteza nini. Mtu atasemaje kwamba amepoteza kazi ya mikono yake, wakati mikono yenyewe iko hapo mapajani?

Tulikubaliana na Ezra hivi. Nitajaribu ufundi. Nikipita mtihani wa gredi ya tatu, nitabaki Nakuru nifanye kazi. Nisipopita, yeye atakuja na pikapu, tutapakia kitanda na sufuria, nami nitaenda kukaa kwenye lile sofa bila maneno. Nilimpa mkono. Alinipa mkono huku akicheka, akijua pikapu ni yake na mafuta anayo.

Mbona mabomba? Kwa sababu ya yale maji ya matone kule kwenye maua. Laini zilikuwa zikipasuka, fundi anachelewa, mimi nachukua kipande cha mpira na waya nafunga. Nilipenda ule wakati maji yanaponyamaza. Mpaka leo sijui kitu kingine kinachonituliza hivyo, na hata huo haunitulizi kwa muda mrefu.

Masomo yalianza na majina. Elbo ni kona. Tii ni pale bomba moja linapozaa la pili. Yunion ni kiungo cha kufungulika, ili kesho usikate bomba zima. Geti valvu ni mlango wa maji, unaozungushwa kufunga na kufungua. Thredi ni zile ngazi zinazozunguka mdomo wa bomba la chuma, na kabla ya kukaza unazizungushia tepu nyeupe, ukifuata upande ambao kiungo kitakaza. Ukizungusha kinyume, tepu inajikunja ikitoka na utalia. Purity alizungusha kinyume wiki nzima kwa sababu anatumia mkono wa kushoto. Instrakta alimkaripia kuliko sisi wote, na hapo ndipo tulipojua anampenda.

Kitu kimoja alichotufundisha Instrakta Koros sijakisahau. Alitupeleka nje baada ya mvua, mahali ardhi ilipokuwa imeachana kama mkate uliokatwa vibaya. Udongo wetu wa huku ni jivu la milima ya kale, mwepesi, ukinywa maji unazama bila kukuaga. "Mnaona fundi mgeni," akasema, "anachimba mtaro, analaza bomba limenyooka kama rula, mwenye ploti anafurahi. Mwaka ujao ardhi inasogea, bomba linavutwa, linachomoka kwa kiungo. Huku kwetu bomba la plastiki linalazwa likicheza, kama nyoka. Ardhi ikisogea, nalo liwe na mahali pa kusogea."

Kevo akauliza, "Na mwenye ploti akisema fundi amelewa?"

"Mwambie ardhi ndiyo imelewa."

Baada ya darasani ilikuwa lazima tutafute atachimenti, yaani kujifunza kazini chini ya mtu wa ufundi, na huyo mtu akutilie sahihi fomu kwamba unaweza. Bila sahihi, mtihani hufanyi. Mimi nilichukuliwa na Fomeni Chege. Alikuwa mrefu, mkali, hapendi salamu ndefu, na shati lake lilikuwa limechomekwa hata akiwa ndani ya shimo la choo. Aliniita Mama Ezra tangu siku ya kwanza, na hiyo ndiyo heshima yote niliyopata kwake, kwa sababu mzigo wa mabomba nilibeba kama wengine.

Tulianza na bweni la wasichana Rongai, kubadilisha mabomba ya chuma yaliyooza. Halafu tukapanda Olenguruone, zahanati iliyo juu kabisa ya Mau, ambako asubuhi vidole vinakataa spana. Huko nilikunywa mursik, maziwa yaliyochachushwa kwenye kibuyu, kwa mara ya kwanza kutoka kwa mama mmoja, Tapkigen, aliyetukaribisha jikoni kwake na kutuambia kwamba maji yakifika kwa zahanati atazaa mtoto mwingine, naye alikuwa rika langu. Tukashuka Kikopey, kuzibua sinki ya bucha moja ambayo mafuta ya mbuzi yalikuwa yameganda ndani yake kama mshumaa. Fomeni aliingiza mkono mpaka begani, akatoa kipande cha mafuta, akakipima kwa macho. "Hapa kuna mbuzi mzima," akasema. Hiyo ndiyo siku niliyomwona akicheka.

Alikuwa na sheria moja juu ya zote. Kifaa cha fundi hakishikwi na mwenye nyumba. "Ukimpa spana akaze, akivunja, amevunja nani? Wewe. Akikaza vizuri, nani fundi? Yeye. Huna mahali pa kusimama."

Mtihani ulikuwa umebakiza siku chache. Fomu yangu ilikuwa kwenye gari la Fomeni, kila kitu kimejazwa isipokuwa sahihi. Tulikuwa tunamalizia tangi la shule huko Lanet, simu yake ikalia. Bomba limepasuka kwa nyumba moja hapo karibu, bafuni, maji yanajaa. Yeye alikuwa juu ya mnara wa tangi. Akapaza sauti, "Mama Ezra, enda wewe! Barabara ya pili, geti la kijani. Malizana nalo, jioni nikutilie sahihi."

Nilichukua mfuko wa vifaa nikaenda mbio, na goti langu hili. Geti la kijani lilikuwa wazi. Nikaanza na mita, nikazungusha geti valvu. Ikazunguka tu, haifungi, shingo yake imekatika ndani. Maji ya barabarani yalikuwa na nguvu siku hiyo. Nikakimbilia nyumba, na nikiwa katikati ya ua nikaona leso kwenye kamba ya nguo. Leso ya zambarau yenye mpaka wa njano. Hiyo leso niliinunua mimi, nikampa binti yangu Joyce siku alipoolewa.

Acha niwaeleze wasiotoka kwetu. Sisi watu wa Magharibi, mama hamkaribii mkwe wake, mume wa binti yake. Hamshiki mkono. Hawali wakitazamana. Chumba chake cha kulala na bafu lake, huko usiseme hata kwa mzaha. Na nyumba yenyewe huingii mpaka uitwe rasmi, na watu, na zawadi, na maombi. Mimi nilikuwa sijaitwa. Nilijua Joyce anaishi Lanet na mumewe Hezron anauza mbegu na dawa za mifugo, lakini geti lao sikulijua. Hezron mwenyewe nilikuwa nimemwona siku ya mahari tu, ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta shilingi.

Sauti ikatoka ndani. "Fundi! Ingia haraka, nimeshika bomba kwa mkono!"

Miguu ilikuwa imeshanifikisha koridoni kabla akili haijaisoma ile leso, maji yakinipita. Mlango wa bafu ulikuwa umerudishwa. Sikusogea.

"Fundi, mbona huingii? Mikono imekufa ganzi!"

"Hezron," nikasema.

"Mama?"

"Usitoke."

"Siwezi kutoka, Mama. Nikiachilia, nyumba itakuwa ziwa."

"Umevaa?"

"Taulo, Mama." Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaka kufa, "Ndogo."

"Joyce yuko wapi?"

"Kazini. Mama, fundi yuko nyuma yako?"

"Fundi ni mimi."

Halafu nikasikia, "Bwana Yesu," si kwa kunisalimia.

Nilifunga macho. Nikamuuliza bomba limevunjikaje. Alikuwa akijaribu kubadilisha mfereji wa shawa mwenyewe, akakaza sana, ukatoka wote mkononi mwake. Nikatoa plagi, kile kizibo cha chuma chenye thredi, nikaizungushia tepu nikiwa nimegeuzia bafu mgongo. Nikapiga magoti majini, nikapitisha plagi na spana chini ya mlango.

"Ingiza kwa vidole kwanza. Ikikataa, rudisha nyuma, usilazimishe."

"Imeshika, Mama."

"Sasa spana. Pole pole. Ikianza kuwa ngumu, robo mzunguko, acha."

Maji yakanyamaza. Mimi na yeye tukabaki tukipumua pande mbili za mlango. Nikaanza kufagia maji kuelekea nje, kwa sababu ufagio ulikuwa hapo na mikono haikutaka kutulia. Ndipo Fomeni Chege alipoingia, amekuja kuona kama nimemaliza. Hezron alikuwa amejifunga shuka, amechungulia, bado ameshika spana yangu.

"Nani amefunga plagi?" Fomeni akauliza.

"Ni mimi, boss," Hezron akasema. "Lakini Mama alinielekeza vizuri sana."

"Na fundi alikuwa wapi?"

"Koridoni," nikasema.

Nje, kando ya mita, nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, nami nikafikiri amenielewa, kwa sababu kwao Bahati pia mkwe anaheshimiwa. Akachomeka shati vizuri.

"Mama Ezra, kila nyumba ni ya mkwe wa mtu. Ukianza kuchagua bafu, chagua kazi nyingine." Akaonyesha nyumba kwa kidevu. "Ile plagi ni bandeji. Ukuta upasuliwe, elbo ibadilishwe, geti valvu mpya kwa mita. Nitakuja Jumamosi jioni. Nikikuta wewe ndiye umeifanya, natia sahihi. Nikikuta mwingine ameifanya, fomu utabaki nayo kama kumbukumbu."

Zile siku za katikati sikulala vizuri na sikuketi. Nilitembea kutoka kitandani mpaka dirishani. Kama sitaingia, Ezra na pikapu yake. Kama nitaingia, Joyce atatazamwaje na watu wa mumewe? Nikampigia simu wifi yangu Berita, dada yake marehemu Yohana, ambaye nyumbani ndiye anayeulizwa mambo kama haya. Alicheka mpaka akakohoa.

"Respa, ulianza na waridi, sasa uko kwa bafu la mkwe. Ungekaa tu kwa sofa!"

"Nisaidie, wacha kunicheka."

"Nikusaidie nini? Nyumba ya mkwe huingii." Akakohoa tena. "Lakini ikijengwa, mafundi si wanaingia? Wanaingia hata chumbani. Nyumba bila mlango bado ni saiti ya ujenzi. Mlango ukishawekwa, basi, ina mwenyewe." Halafu akaniuliza habari za mvua.

Nililigeuza hilo neno sana, lakini sikuona litanisaidia wapi. Nyumba ya Hezron ilikuwa na milango, na rangi, na pazia.

Jumamosi nilivaa ovaroli, nikaenda. Nilikuwa nimeamua nitaingia nimefunga macho, na kama ni laana, ije kwangu. Nilipofika geti la kijani, nilisimama.

Mlango wa mbele ulikuwa umeng'olewa bawabani, umeegemezwa kwenye fensi. Kando yake, mlango mweupe wa bafu umelazwa kwenye nyasi, skrubu zake zimewekwa ndani ya kikombe. Pazia zimetolewa. Na kwenye kamba ya nguo, pale pale palipokuwa na leso, walikuwa wamening'iniza kila kitu cha bafuni cha mtu, taulo, ndala, kioo cha kunyolea, hata mswaki umefungwa kwa uzi. Ndani palikuwa na mwangwi. Wenyewe hawakuwepo. Mbele ya mahali palipokuwa na mlango, walikuwa wamemwaga karai moja ya mchanga na kuacha mfuko wa simiti.

Ilikuwa saiti.

Sijui nilisimama hapo kwa muda gani. Najua kwamba nilifuta viatu kwanza, halafu nikakumbuka kwamba fundi hafuti viatu akiingia saiti, nikaingia. Nilipasua ukuta kwa patasi. Nikatoa elbo ya zamani, nikaunganisha bomba jipya la kijani kwa pasi yake ya moto ya kuyeyushia viungo, nikahesabu pumzi nikisubiri lipoe. Nikaweka yunion ili atakayekuja baada yangu asiteseke. Nikachimba kwa mita nikafunga geti valvu mpya, na lile bomba la kutoka mita mpaka nyumbani nikalilaza likicheza, kama alivyotufundisha Instrakta. Nikafungua maji. Nikakaza macho kwenye viungo vyote. Pakavu.

Fomeni alifika jua likielekea kutua. Alitazama milango kwenye fensi, akatazama mswaki kwenye uzi. Aliingia bafuni, akapitisha kidole chini ya kila kiungo, akakinusa kama kawaida yake. Akaenda kwa mtaro ambao sikuwa nimeufukia.

"Hili bomba limepinda."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ardhi ya hapa haikai, Fomeni."

Akatoa fomu kwa gari, akaiweka juu ya boneti, akatia sahihi. "Fukia," akasema, na akaenda zake. Mtihani nilifanya nikiwa na Purity upande mmoja na Kevo upande mwingine, tukapita wote watatu. Brayo alirudia akapita baadaye. Ezra nilimpigia nikamwambia pikapu aitumie kubeba mahindi.

Nilifanya kazi miaka mingi, na Fomeni Chege kwanza, halafu na Purity alipofungua kampuni yake mwenyewe. Mwaka jana goti lilikataa kabisa kupiga magoti, na fundi wa mabomba asiyepiga magoti ni mtazamaji. Nikastaafu. Sasa naishi na Joyce wakati mwingine, kwenye chumba cha nje, na Ezra wakati mwingine, na lile sofa hatimaye limenipata, lakini halinishiki. Naketi, nasikia tangi la jirani likimwagika, nainuka. Natembea kwenye ploti nikisikiliza kuta. Vijana wa mabomba wananiona wanasema, "Mathe, pumzika." Nawauliza wamezungusha tepu upande gani.

Tuliitwa rasmi nyumbani kwa Hezron baadaye, na watu na zawadi, na nikaketi sebuleni kwa adabu, mbali na ile korido. Kila mtu alijifanya kwamba sijawahi kufika. Hezron alinikaribisha akiwa ameinamisha kichwa. Sikio langu lilikuwa kwa bafu siku nzima. Bafu halikulia.

Kuna kitu kimoja ambacho sijawahi kuuliza, kwa sababu mkwe haulizwi. Ni nani aliyeng'oa ile milango? Joyce hushika kazi haraka, na huenda Berita alimpigia simu pia, ingawa Berita anakataa. Lakini zile skrubu ndani ya kikombe, zimepangwa kwa urefu kama pakiti za mbegu dukani, nimeamini siku zote ni Hezron. Nimewapa majina yote kama ninavyoyakumbuka, ya Koros, ya Tapkigen, ya Mzee Ewoi kwa geti, na kama nimekosea jina la mtu au kijiji chake, mnisahihishe, sitakasirika. Juu ya hiyo milango pia, kama kuna anayejua kwamba hakuwa yeye, aniambie. Lakini aje polepole, na aanze kwa kuniuliza habari za mvua.